Bingwa Asiyepigwa Hazaliwi, Hujengwa

Zipo kauli mbili kuhusu ngumi za wanawake ambazo hazikomi kuzunguka mitaani kwetu. Hapa Msamala nimezisikia zote mbili: kwa kinyozi, ndani ya bajaji, na hata darasani kwa vijana ninaowafundisha. Kauli ya kwanza yasema ngumi si kazi ya mwanamke, na anayebisha huulizwa, "Kwani Conjestina humwoni?" Kauli ya pili hujidai kuwa ya kisasa. Hiyo yasema mwanamke apigane tu, ilimradi awe mkali kama Laila Ali. Kwamba Laila hakupigwa hata mara moja, na kwamba mabondia wetu wa kike huishia pabaya kwa sababu wanakubali kupigwa. Kauli ya kwanza yamfukuza binti ulingoni. Ya pili yamkaribisha, kisha yamtupa siku ya kwanza atakaposhindwa.

Makala hii nayaelekeza maneno yake kwa wasemaji wa kauli zote mbili. Ninachodai ni hiki: rekodi isiyo na doa ni kazi ya watu wengi waliomzunguka bondia mmoja, na jamii isiyotaka kuifanya kazi hiyo haina haki ya kudai bingwa, wala haina haki ya kumcheka aliyeanguka.

Tuanze na huyo Laila. Alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1977 nchini Marekani, binti wa Muhammad Ali. Hakulelewa ulingoni, kabla ya ngumi alikuwa na saluni ya kutengeneza kucha, na baba yake hakufurahia binti aingie katika kazi iliyomtafuna yeye mwenyewe. Alipigana kwa mara ya kwanza Oktoba 1999, na pambano likaisha katika sekunde 31. Juni 2001 alimshinda kwa pointi Jacqui Frazier-Lyde, binti wa Joe Frazier, mabinti wawili wakiurudia ugomvi wa baba zao. Agosti 2003 alimwangusha Christy Martin katika raundi ya nne. Huyo ndiye mwanamke aliyewafungulia wenzake mlango wa televisheni, lakini siku ile alikuwa mkubwa kwa Laila kwa umri na mdogo kwa umbo. Februari 2007, nchini Afrika Kusini, Laila alimmaliza Gwendolyn O'Neil katika raundi ya kwanza, na hakupanda tena ulingoni. Mapambano 24, ushindi 24, na 21 kati ya hayo hayakufika mwisho wa raundi zake. Alistaafu akiwa na miaka 29, mzima wa afya, akaendelea na maisha yake katika televisheni na biashara.

Ngumi zake zilikuwa za kweli, na nidhamu yake pia. Simpunguzii kitu. Lakini nawaomba wanaoliimba jina lake waitazame rekodi hiyo kama mkulima anavyolitazama shamba la jirani lililostawi: asiulize mvua tu, aulize na mbolea. Laila aliingia ulingoni akiwa na jina ambalo lingejaza ukumbi hata kama angepigana na kivuli chake. Alikuwa na uwezo wa kuchagua kocha, kuchagua tarehe, na kuchagua mpinzani. Wapinzani wake wa mwanzo walipangwa wamkuze, na hiyo si aibu; ndivyo mabondia wote wenye waangalizi makini wanavyokuzwa. Pambano ambalo mashabiki walilisubiri kwa miaka, kati yake na Ann Wolfe, halikufanyika kamwe. Wote wawili walichaguliwa katika kundi moja, la mwaka 2021, kuingia katika Ukumbi wa Kimataifa wa Heshima ya Ngumi, na ulingoni hawakukutana hata siku moja. Kwa hiyo namba ile 24 kwa sifuri imebeba ngumi za Laila, na pia imebeba mikataba, madaktari, mawakili na watu wenye busara waliojua lini aseme ndiyo na lini aseme hapana. Muhimu kuliko yote, alikuwa na uwezo wa kusema "imetosha" bila kuhofia kodi ya nyumba.

Sasa tumtazame Conjestina Achieng. Naye alizaliwa mwaka huohuo wa 1977, upande wa Yala, Siaya, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2004 alimshinda Fiona Tugume wa Uganda na kutwaa mkanda wa uzani wa kati wa Shirikisho la Kimataifa la Ngumi za Wanawake, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la ngumi. Afrika Mashariki nzima ilimjua. Sisi wa Tanzania tuliokuwa vijana wakati ule tulilitamka jina lake kwa fahari kama la dada yetu. Miaka michache baadaye afya yake ya akili ilitetereka, akalazwa Mathari jijini Nairobi, akarudi kijijini, akalazwa tena mahali pengine. Tangu hapo picha yake imekuwa ikirudi magazetini kila baada ya muda, na mara zote kwa mpangilio uleule: mgonjwa, kamera, mheshimiwa, ahadi, kisha kimya mpaka kamera nyingine.

Hapa ndipo msemaji wa kauli ya kwanza anapoinua kidole: "Unaona? Ndiyo malipo ya mwanamke kupigana."

Hapana. Kwanza, ugonjwa wa akili humpata mwalimu, mkulima, padri na waziri, na hakuna aliyepewa mamlaka ya kutangaza kwamba maradhi ya mtu huyu yametokana na kazi yake, kana kwamba naye ndiye aliyemtibu. Pili, kama hoja ni hatari ya ngumi kwa ubongo, hatari hiyo haina jinsia. Ni tangu mwaka 1928 ambapo daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliwaeleza wenzake namna vichwa vya mabondia vinavyoharibika kwa kupigwa mara kwa mara, na aliowazungumzia walikuwa wanaume. Desemba 2024, hapa kwetu, bondia Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kuangushwa katika pambano jijini Dar es Salaam. Sikusikia mtu akisema kwamba ngumi si kazi ya mwanamume. Tulisikitika, tukamwombea, na wiki zilizofuata wanaume wakapanda ulingoni kama kawaida. Ikiwa msiba wa mwanamume unatufundisha kuhusu usalama, na msiba wa mwanamke unatufundisha kuhusu jinsia, basi hatujifunzi chochote. Tunatafuta ushahidi wa kile tulichokwisha kukiamini.

Wala tusidhani kwamba hoja hii ni ya mila zetu, tukaifunika kwa kanga na kuiita utamaduni. Mwaka 1998 mwanamke Mwingereza, Jane Couch, alilazimika kuishitaki bodi ya ngumi za kulipwa ya nchi yake ili apewe leseni. Utetezi wa bodi ile, katika nchi inayojiita mama wa sheria, ulidai kuwa siku za hedhi humfanya mwanamke asiwe imara kiasi cha kuweza kupigana. Bodi ilishindwa. Miaka 14 baadaye, katika jiji la London, wanawake walipigana katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza, na Kenya ilimpeleka Elizabeth Andiego. Aibu ile ya Waingereza imekufa kwao. Sisi tunaiokota na kuivalisha mavazi ya asili.

Na kama ni asili tunaitaka, basi tuisome vizuri hapa hapa Songea. Kila mwezi Februari tunakusanyika kwenye makumbusho ya Vita vya Majimaji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Miongoni mwao yumo Nduna Nkomanile. Alikuwa mwanamke, alikuwa kiongozi, na mkoloni alimhesabu kuwa adui wa kutosha kunyongwa pamoja na wanaume. Mji unaoweka shada la maua mbele ya jina la Nkomanile hauwezi, jioni ya siku hiyohiyo, kumwambia binti wa miaka 15 kwamba mapambano si kazi ya jinsi yake.

Nimegeuka sasa kwa msemaji wa kauli ya pili, yule shabiki wa sifuri. Huyu ananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu anadhani anampenda binti anayepigana. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwerevu, aliniambia, "Mwalimu, bingwa ni asiyepigwa. Aliyepigwa ni bondia tu." Kauli hiyo ina mvuto wake. Lakini tuipime.

Leo hii ulimwenguni, mwanamke ambaye jina lake husimama badala ya neno "asiyepigwa" ni Claressa Shields wa Marekani, mshindi wa dhahabu mbili za Olimpiki, London 2012 na Rio 2016. Katika ngumi za kulipwa hajawahi kushindwa. Lakini katika ngumi za ridhaa alishindwa mara moja. Ilikuwa Mei 2012, katika mashindano ya dunia nchini China, na aliyempiga ni Savannah Marshall wa Uingereza. Shields alikuwa na miaka 17. Hakuna aliyemwambia kwamba amekuwa "bondia tu". Alirudi kwao, akafundishwa, na miezi mitatu baadaye akavaa dhahabu London. Marshall alimngoja miaka kumi. Walipokutana tena Oktoba 2022, safari hii kwa malipo, Shields alishinda kwa pointi. Rekodi yake ya sasa imesimama juu ya kushindwa kule, kwa sababu kulitokea mahali ambapo kijana anaweza kushindwa bila kupoteza maisha yake, chakula chake wala heshima yake. Hiyo ndiyo maana ya ngumi za ridhaa: ni shule, na shule ambayo hairuhusiwi kukosea ndani yake si shule.

Msomaji ataniambia, "Lakini huyo ni Mmarekani, amezaliwa penye neema." Hasha. Shields ni mtoto wa Flint, jimbo la Michigan, mji uliokimbiwa na viwanda vya magari, mji ambao tangu mwaka 2014 dunia nzima ilisikia kwamba maji ya bomba yake yalikuwa na sumu ya risasi. Hakuwa na baba mwenye jina kama Laila. Alichokuwa nacho ni jengo la michezo la umma liitwalo Berston Field House, lililo katika mtaa wa kawaida, lenye ulingo, na kocha aliyekuwa tayari kumpokea msichana wa miaka 11. Tofauti kati ya mtoto wa Flint na mtoto wa Msamala siioni katika damu, wala katika umaskini. Naiona katika jengo lile. Mimi vijana ninaowaona hapa wakijifunza ngumi wamening'iniza kiroba cha mchanga kwenye tawi la mwembe, na msichana akisogea huambiwa akachote maji.

Katika mji huohuo wa Flint, Oktoba 2016, Mkenya Fatuma Zarika alimshinda kwa pointi Alicia Ashley na kutwaa mkanda wa WBC wa uzani wa supa bantamu. Zarika hakuwa na sifuri. Alikuwa amepoteza mapambano mengi kabla ya usiku ule, na kwa kipimo cha mwanafunzi wangu alikuwa "bondia tu". Akawa bingwa wa dunia, akautetea mkanda wake nyumbani Nairobi mbele ya Catherine Phiri wa Zambia, na akaushika hadi Novemba 2019 alipopokonywa nchini Mexico. Nauliza: kama Kenya ingeabudu sifuri, Zarika angeachwa kwenye pambano la ngapi? Na ni akina Zarika wangapi ambao sisi tumekwisha kuwaacha, kwa kuwa walipoteza pambano la pili katika ukumbi wa mtaani na hakuna aliyewauliza kesho yake kama wameamka salama?

Ibada hii ya sifuri ina madhara mengine. Pale ambapo rekodi safi ndiyo sarafu pekee, promota hutafuta mpinzani wa kuangushwa. Mtu huyo hupatikana: kijana mwenye njaa, aliyepewa taarifa ya siku chache, asiyepimwa kichwa, asiyejua anapigana na nani. Kila sifuri iliyopikwa imemwaga damu ya mtu ambaye jina lake halimo katika tangazo. Katika ngumi za wanawake, ambako mabondia ni wachache, mpishi wa rekodi hulazimika kumrudisha binti yuleyule mara kwa mara kwenye kipigo. Anayeshangilia "hajapigwa" ajiulize na jina la pili: nani alipigwa?

Najua nitajibiwa kwamba nchi yetu ina vipaumbele: maji, dawa, madawati. Ni jibu zito na nalichukulia kwa uzito. Lakini kila nikilisikia nakumbuka kwamba fedha za michezo tunazo pindi tunapotaka. Mwaka 2023 Rais alitoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na taifa zima likaruka kwa furaha, nami nikiwemo. Silaumu zawadi ile. Iliwatia moyo wachezaji. Nasema tu kwamba zawadi ni ya aliyekwisha kufika. Goli hulipwa baada ya kufungwa, na mkanda hupongezwa uwanja wa ndege baada ya kutwaliwa. Msichana aliye kwenye mwembe hawezi kulipwa kwa goli ambalo hajafundishwa kulifunga. Tumekuwa hodari wa kununua mavuno na wazito wa kununua mbegu, na watu wa Ruvuma, tunaolisha nchi kwa mahindi, tunapaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hilo.

Basi nidai nini? Nadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mafuta wala dhahabu.

Mosi, Baraza la Michezo la Taifa pamoja na halmashauri zetu, ikiwemo Manispaa ya Songea, zitenge katika kila wilaya chumba kimoja cha ngumi za ridhaa, chenye ulingo, vifaa vya kulinda kichwa, kocha anayelipwa, na saa maalumu za wasichana. Chumba kimoja. Hatuanzi na kasri.

Pili, mkataba wa kila pambano la kulipwa uandikwe kwa Kiswahili, utaje kiasi cha malipo na siku ya kulipa, na bondia apewe nakala yake kabla ya kupima uzito. Mwanamke anayepigana pambano la ubingwa asiwe pambo la kuwapasha moto watazamaji kabla wanaume hawajaingia.

Tatu, Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa isiruhusu kengele kupigwa ikiwa hakuna daktari kando ya ulingo na gari la wagonjwa mlangoni, na bondia aliyeangushwa asirudi ulingoni kabla kichwa chake hakijachunguzwa hospitalini. Promota asiyeweza kuyagharimia hayo hana pambano; ana mkusanyiko wa watu wanaotazama hatari.

Nne, sehemu ya kiingilio na ya malipo ya televisheni ikatwe kwa kila pambano na kuingizwa katika mfuko wa mabondia wenyewe, kwa ajili ya bima ya afya, ikiwemo afya ya akili, na kwa ajili ya siku za baada ya kustaafu. Mwalimu hukatwa mchango wa pensheni kila mwezi naye hapigwi kichwani kwa kazi. Iweje anayepigwa kichwani aachiwe huruma ya mheshimiwa mwenye kamera?

Mambo haya yakifanyika, huenda asitokee kamwe binti wa Msamala mwenye mapambano 24 na ushindi 24. Huenda akatokea mwenye ushindi 15 na vipigo sita, akamaliza akiwa na akili zake, nyumba yake na darasa la wasichana anaowafundisha. Huyo kwangu ni bingwa, na mji uliomlea utakuwa umeshinda pambano gumu kuliko lolote alilopigana yeye. Na ikiwa siku moja atatokea yule asiyepigwa, tutakuwa na haki ya kusema kwamba ni wetu, kwa sababu tulikuwapo tangu alipokuwa akipigwa.

Kwa sasa haki hiyo hatuna. Conjestina alitupa jina, tukalitumia kujisifu; alipougua, tukalitumia kuwatisha binti zetu. Kote kuwili tulipokea, hatukutoa. Deni hilo halilipwi kwa ibada ya sifuri ya mtoto wa watu wa mbali. Kikao cha bajeti cha halmashauri hufanyika kila mwaka, na diwani tunamjua alipo. Safari hii tumuulize kuhusu chumba kile kimoja.